Mama amebaki peke yake Tanga. Nimnunulie roboti?

"Assalaam alaykum daktari. Mimi ni muuguzi msaidizi, naishi Uingereza, huu mwaka wa kumi na mbili. Baba alifariki mwaka jana. Waliishi na mama miaka 49. Sasa mama, ana miaka 74, amebaki Tanga na dada wa kazi. Tangu atoke eda hajarudi kwenye darasa la wanawake la Alhamisi, na hakuwa mtu wa kulikosa. Nikipiga simu ananijibu kwa mkato, 'mi mzima', kisha anasema nyumba imekuwa kubwa. Siku hizi anauliza jambo lile lile mara mbili tatu, na redio anaifungulia mpaka majirani wanasikia. Nimeona video za roboti zenye umbo la mtu. Anatembea sebuleni, anakunja nguo, anaongea. Nina akiba, naweza kumnunulia ili apate wa kuzungumza naye usiku. Kaka yangu wa Mwanza amekasirika, anasema nampelekea mama jini la chuma na kwamba nakwepa kurudi nyumbani. Je, roboti huyu atamwondolea mama upweke? Anaweza kumharibu akili? Na je, ni kweli namtelekeza?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Pole kwa kuondokewa na mzee, Mungu amrehemu. Naanza na swali lako la mwisho, maana nahisi ndilo linalokukosesha usingizi. Hujamtelekeza mama yako. Aliyemtelekeza mzazi hajui siku ya darasa lake, wala hajui redio yake inasikika hadi kwa jirani. Na kaka yako usimhukumu haraka. Naye anaogopa kama wewe, ila hofu yake imetoka na hasira.

Sasa tuje kwenye mashine. Soma tena ulivyoandika. Ulianza na "roboti zenye umbo la mtu", na sentensi iliyofuata ukasema "anatembea, anakunja nguo", ukamalizia na "roboti huyu". Kiswahili hakituachi tujifiche: lazima tuseme ni hii au ni huyu. Mwanzo wa video ulikuwa unatazama kitu. Kilipokunja shati na kutamka neno, kikawa mtu machoni pako. Hiyo haikuwa ajali ya kalamu. Ndivyo akili zetu zilivyo: chochote kinachotugeukia na kutujibu tunakipa roho. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT huko Marekani, alitengeneza programu aliyoiita ELIZA. Haikuwa na mwili wala sauti, maandishi tu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuichukua kauli yako na kukurudishia kama swali. Katibu muhtasi wake alikuwa amemwona akiitengeneza kwa miezi kadhaa na alijua fika kwamba ni programu tu. Alipoanza kuandikiana nayo, baada ya muda mfupi akamwomba bosi wake atoke chumbani, awaache.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi kama mama ataizoea. Anaweza kuizoea kabisa, tena upesi. Ninachotaka tuangalie ni kile anachokikosa, na kama mashine inacho.

Kwanza niseme kuhusu zile video. Nyingi hazikuambii nani anayeiendesha mashine. Chukua NEO ya kampuni ya 1X, iliyoanza kupokea oda za majumbani Oktoba 2025 kwa dola 20,000 za Marekani, karibu shilingi milioni 50 za kwetu. Ina kilo 30. Ikikutana na kazi isiyoijua, mfanyakazi wa kampuni aliye mbali huvaa miwani maalumu, akaona kupitia macho ya roboti na kuisogeza mikono yake. Kampuni inasema mwenye nyumba ndiye anayetoa ruhusa na kupanga saa, na kwamba sura za watu zinaweza kufifishwa zisionekane. Vizuri. Lakini mfikirie mama yako ametoka kuoga, kajifunga khanga, kichwa wazi, na sebuleni kuna macho ya mtu asiyemjua aliye bara jingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na naiheshimu, ila sheria haimrudishii mtu sitara yake baada ya kuonekana.

G1 ya kampuni ya Unitree ya China ni nafuu kidogo. Ilitoka mwaka 2024 kwa dola 16,000, betri yake hudumu kama saa mbili, na wanunuzi wake wakubwa ni vyuo na maabara. Fundi wake Tanga sidhani kama yupo. Na mazungumzo yenyewe yana safari ndefu: maikrofoni inanasa sauti, programu inaigeuza kuwa maandishi, programu nyingine inatunga jibu, nyingine inalisoma. Kila kituo kinakula muda na kinaweza kukosea, na programu hizi hukosea zaidi kwa sauti za wazee kuliko za vijana. Ongeza Kiswahili cha Tanga, ongeza intaneti inayosuasua, ongeza umeme uliokatika saa tatu usiku, saa ile ile uliyotaka apate wa kuzungumza naye.

Tuache hayo ya ufundi, maana siku moja yatatatuliwa. Tuseme mashine ingekuwa kamili. Bado ningesita, na sababu iko kwenye maneno ya mama mwenyewe: nyumba imekuwa kubwa.

Mwanasosiolojia Robert Weiss, mwaka 1973, alitenganisha upweke wa aina mbili. Kuna kukosa watu wa kuwa nao, na kuna kukosa yule mmoja. Ukiwa na aina ya pili, wageni hata wajae uani hawaigusi. Lugha yetu inayo maneno mawili kwa jambo hili, upweke na ukiwa, na siku hizi tumezoea kutumia la kwanza tu. Mama yako si mpweke kwa maana ya kukosa watu, maana dada wa kazi yupo na majirani wapo. Mama ni mkiwa. Kwa miaka 49 kulikuwa na mtu aliyesubiri chai yake, aliyelalamika sukari imezidi, aliyeuliza kanzu yake iko wapi ilhali imetundikwa mbele yake. Mama alikosa mume, na siku hiyo hiyo akakosa kazi ya kuwa wa lazima kwa mtu.

Ukimletea mashine inayokunja nguo, umemtoa hata hicho kidogo kilichobaki mikononi mwake.

Kaka yako naye asome sehemu hii, maana si kweli kwamba roboti zote ni madhara matupu. Mhandisi wa Kijapani, Takanori Shibata, alianza mwaka 1993 kutengeneza roboti inayoitwa Paro. Ina umbo la mtoto wa sili, yule mnyama wa baharini wa nchi za barafu. Kwa nini sili? Kwa sababu watu walipopewa paka wa mashine walimlinganisha na paka waliowahi kufuga, wakamwona pungufu. Sili hakuna aliyewahi kumfuga, kwa hiyo hakuna wa kumlinganisha naye. Niliwahi kuipakata kwenye mafunzo nje ya nchi. Ina uzito kama wa kichanga, manyoya meupe, ukiigusa inainua kichwa na kukutazama, na waya wake wa chaji unachomekwa mdomoni ukiwa na umbo la chuchu ya bandia ya mtoto. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiweka kwenye kundi la vifaa tiba. Kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, hasa wale wanaohangaika na kupiga kelele jioni, inaweza kuwatuliza kweli.

Tazama jinsi inavyofanya kazi. Paro haimhudumii mzee. Mzee ndiye anayeibembeleza, anaifunika, anaiambia lala sasa. Inamrudishia mtu wa kumlea. Roboti yenye umbo la mtu imekuja na ahadi ya kinyume: kaa, nitakufanyia. Tena imekuja na uso, mikono na kimo cha mtu, kwa hiyo mama atailinganisha na mtu, na mtu mwenyewe ni baba yako.

Hata hiyo Paro si mteremko. Mtafiti James Wright alikaa kwenye nyumba ya wazee Japani akitazama roboti zikijaribiwa, akaona kazi ya wahudumu inaongezeka: kuzitoa, kuzisafisha, kuzisimamia. Mzee mmoja aliishikilia Paro kiasi kwamba hakutaka kula wala kulala bila hiyo. Kwenu huyo msimamizi angekuwa dada wa kazi. Umemuuliza?

Kuna na kifaa kiitwacho ElliQ, hakina mikono wala miguu, kama taa ya mezani inayogeuza kichwa ikiwa na skrini pembeni. Mwaka 2022 ofisi ya wazee ya jimbo la New York ilitangaza kugawa zaidi ya 800. Waliokipokea wengi walisema upweke umepungua. Nayapokea majibu hayo kwa tahadhari, maana yametoka kwa wazee waliokubali wenyewe kukitumia, na kifaa kilijengwa kwa ajili ya mzee wa Kimarekani mwenye intaneti ya uhakika.

Jambo linaloniogopesha kuliko yote kwa mjane ni kifo cha mashine. Nyingi ya roboti hizi za kuzungumza zinaishi kwenye seva za kampuni, yaani kompyuta zake zilizo mbali. Kampuni ikifunga, inanyamaza. Jibo, roboti ya nyumbani iliyouzwa karibu dola 900 na kuanza kufika kwa wanunuzi mwaka 2017, iliwaaga wenye nayo kwa sauti yake mwaka 2019, ikawaambia seva zake zinazimwa. Desemba 2024 kampuni ya Moxie, roboti ya watoto, ilitangaza kufungwa, wazazi wakabaki kuwaeleza wanao kwa nini rafiki yao hatajibu tena. Na Japani, Sony walipoacha kuwatengeneza mbwa wao wa mashine, Aibo, wenye nao waliwapeleka kwenye hekalu la Kofukuji mjini Isumi. Kuanzia mwaka 2015 watawa waliwasomea dua za mazishi, mbwa wamepangwa safu safu, kila mmoja na kijikaratasi chenye jina la mwenyewe. Watu hao hawakuwa wendawazimu. Walikuwa na majonzi ya kweli kwa kitu walichoishi nacho. Mama yako ametoka eda juzi. Sitaki afiwe tena kwa sababu kampuni ya ng'ambo imeishiwa mtaji.

Sasa nirudi kwenye jambo uliloliweka katikati ya barua kama nyongeza, ambalo kwangu ndilo kubwa. Redio juu. Simu kwa mkato. Swali lile lile mara mbili. Darasa ameacha.

Dada yangu, mama yako huenda hasikii vizuri.

Kusikia kunapopungua uzeeni hakuji kwa kishindo. Sauti nyembamba zinatangulia kuondoka: wajukuu, wanawake, herufi kama s na f. Simu ndiyo inayomshinda mtu mapema, kwa kuwa hana midomo ya kutazama. Anajibu "mi mzima" kwa sababu ndilo jibu linalofaa maswali mengi. Halafu mweke kwenye darasa, wanawake ishirini, feni juu, watoto nje. Mwalimu anauliza, yeye anaitikia "amina" mahali pasipo pake. Wenzake wanacheka, hawana nia mbaya. Ikitokea mara ya pili na ya tatu, anaona heri abaki nyumbani, na hamwambii mtu sababu.

Niliwahi kuletewa mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu. Watoto walisema amepoteza kumbukumbu, hajui hata anachoulizwa. Masikio yote mawili yalikuwa yameziba kwa nta. Muuguzi akayasafisha. Tulipotoka nje alisimama mlangoni, akatazama juu ya mwarobaini, akaniuliza, "Hawa kunguru siku zote wana kelele hivi?"

Si kila mzee atapona kwa kusafishwa masikio. Kurudia maswali kunaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa wa kusahau. Inaweza kuwa sonona, ambayo kwa wazee wetu mara nyingi haisemi "nina huzuni" bali husema "mwili hauna nguvu", "sina hamu". Inaweza kuwa sukari, tezi ya shingoni au upungufu wa vitamini B12. Ndiyo maana mimi hapa siwezi kumpima kwa barua. Mpelekeni Bombo, au hospitali nyingine yenye daktari wa masikio, apimwe usikivu, macho, presha, damu, na afanyiwe tathmini ya kumbukumbu na ya sonona. Kaka yako aombe ruhusa kazini, atoke Mwanza aende naye, asimwachie dada wa kazi. Jopo la jarida la Lancet, katika ripoti yake ya 2024, liliorodhesha mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau na ambayo yanaweza kudhibitiwa. Kupungua kwa usikivu kumo, sonona imo, na kutengana na watu kumo. Huenda mama yako anayo yote matatu, na kila moja linalisha jingine.

Ndivyo upweke unavyofanya kazi. John Cacioppo, wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliufananisha na njaa: mwili unakupa ishara ukatafute watu. Ishara ikikaa muda mrefu bila kujibiwa, ubongo unaanza kujihami. Jirani akipita bila kubisha hodi, mtu anajiambia "wamenichoka". Anajitenga kabla ya kutengwa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti ya Juni 2025, lilisema mtu mmoja kati ya sita duniani ana upweke, na likauhusisha na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Kwa hiyo hukukosea kulichukulia kwa uzito. Ninachopingana nawe ni dawa tu uliyoichagua.

Akiba yako ningeigawa hivi. Kwanza masikio na vifaa vya kusikilizia ikibidi, pamoja na nauli za kurudi kuvirekebisha, maana vifaa hivyo bila marekebisho huishia kabatini. Pili, bajaji ya kila Alhamisi, iliyolipwa kabisa, na shoga yake mmoja wa darasani aombwe ampitie. Asiombwe "kumtembelea mgonjwa". Aende kumchukua, wakae mbele karibu na mwalimu. Tatu, tiketi yako ya ndege.

Na angalieni kama ukoo una binti anayesoma Tanga mjini na anatafuta pa kukaa. Mama atalalamika kwamba anachelewa kurudi na hali vizuri. Hayo malalamiko ndiyo ninayoyatafuta. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa Harare kukaa kwenye benchi na watu wenye msongo, hali ambayo Washona huiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa 573, ulionyesha waliokaa na mabibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mpango huo umefika Zanzibar. Mimi huwa nawafikiria wale mabibi wenyewe: wanaamka asubuhi wakijua kuna mtu anawasubiri.

Simu zako nazo zibadilishe. Acha "umekula? umelala?", hayo ni maswali ya wodini. Piga kwa video, saa ile ile, uso wako kwenye mwanga aone midomo yako, sema polepole bila kupiga kelele. Na umwombe kitu. Weka simu jikoni umwambie mkate wa kumimina umekukatalia tena, akuangalie unavyokoroga, akugombeze. Mwulize jina la yule shangazi wa Pangani kwenye picha ya harusi. Na kama kuna paka anayezunguka uani, mwambie dada wa kazi asimfukuze. Paka anadai dagaa kila siku saa kumi na moja, na hilo, roboti ya dola 20,000 haiwezi.

Baada ya hayo yote, ukiona bado unataka kumjaribishia mashine, sitakuzuia. Umwulize yeye kwanza, akijua ni mashine, bila kumdanganya. Kama ana shaka kuhusu sanamu ndani ya nyumba anayosalia, hilo si la fani yangu, muulizeni shehe mnayemwamini. Anza na kitu kidogo cha mezani cha bei ndogo kisichotegemea kampuni moja kuwepo. Kisiwe na kamera chumbani. Mjue nani anakizima. Ikija kuonekana ana ugonjwa wa kusahau uliosonga mbele, nitakuwa wa kwanza kuzungumza nawe kuhusu paka wa betri, wapo wa dola mia moja na kitu, hawahitaji intaneti.

Usisubiri miadi ikiwa mama ataanza kusema anataka kumfuata baba, au akiacha kula, au akisahau jiko linawaka. Na akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, au mdomo ukaenda upande, au mkono ukalegea, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Masikio yapimwe kabla ya mwisho wa mwezi. Ukipata majibu niandikie, uniorodheshee na dawa zote anazotumia, zikiwemo za kienyeji, tuendelee kuanzia hapo.